Umbo Hugeuka, Moyo Hubaki

Hotuba juu ya mashairi ya Ovid na sanaa iliyotokana nayo, iliyotolewa mbele ya wanachama wa hekalu na majirani



 Kamati ilituomba tuzungumze juu ya jambo linalohusu dini, sanaa na ujirani, nasi tukamchagua mshairi wa Roma aliyeishi miaka elfu mbili iliyopita. Huenda wapo watakaoshangaa na kuuliza hekalu la Wahindu lina haja gani na miungu ya Warumi, ambayo nyumba zake za ibada ni magofu yanayotembelewa na watalii. Wengine watashangaa kwamba mada hii inaletwa na sisi, tulio watu wa duka, ambao masomo yetu yaliishia sekondari na Kilatini hatukijui. Mashairi haya tumeyasoma kwa tafsiri, jioni baada ya kufunga hesabu za siku. Hata hivyo tumepata humo jambo moja ambalo tunaamini linafaa kusemwa mbele ya hekalu lolote, msikiti wowote na kanisa lolote. Nalo ni hili: mtu anapogeuzwa umbo, kitu cha kwanza anachonyang'anywa ni sauti yake, lakini moyo wake hubaki uleule. Na wachoraji, wachongaji na waandishi waliokuja baadaye walipoyachukua mashairi hayo, kazi yao kubwa ilikuwa kumrudishia sauti yule aliyenyamazishwa.

Kwanza tumjue mshairi mwenyewe. Publius Ovidius Naso, ambaye siku hizi wengi humwita Ovid, alizaliwa mwaka 43 kabla ya Kristo katika mji wa Sulmo, leo ukiitwa Sulmona, katika Italia ya kati. Baba yake alikuwa mtu mwenye nafasi, akampeleka Roma asomee usemaji ili apate cheo katika utumishi wa dola. Kijana akayapenda mashairi. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba baba yake alimwonya mara nyingi kuwa kazi hiyo haina faida, na kwamba hata Homer, mkuu wa washairi wa Kigiriki, hakuacha mali yoyote. Wazazi tuliomo humu ukumbini tunaijua hotuba hiyo kwa moyo, maana wengi wetu tumekwisha kuitoa.

Kijana hakusikia, na dunia ikafaidika. Kazi yake kubwa inaitwa Metamorphoses, neno la Kigiriki lenye maana ya mageuzi ya maumbo. Ina vitabu 15, mistari karibu 12,000, na hadithi zipatazo 250. Inaanza na kuumbwa kwa ulimwengu kutoka katika vurugu lisilo na umbo, na inafika hadi siku za mshairi mwenyewe, chini ya Kaisari Augusto. Hadithi hizo zote zimetungwa katika uzi mmoja: daima kuna kitu kinachogeuka kuwa kitu kingine. Msichana anakuwa mti, mwindaji anakuwa mnyama, mfumaji anakuwa buibui, kibanda kinakuwa hekalu.

Tuanze na Io. Alikuwa binti wa mto Inachus, kwani katika hadithi hizi mito nayo ina roho na ina watoto. Jupiter, mkuu wa miungu, alimtamani na kumshika kwa nguvu. Kisha, ili mkewe Juno asigundue, akamgeuza msichana yule kuwa ndama mweupe. Juno hakudanganyika. Alimwomba ndama yule kama zawadi, akamweka chini ya ulinzi wa Argus mwenye macho 100. Io alipotaka kunyoosha mikono aombe huruma, hakuwa na mikono. Alipotaka kulalamika, ulitoka mlio wa ng'ombe, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. Akafika ukingoni mwa mto wa baba yake. Mzee akamlisha majani kwa mkono wake, asijue anamlisha nani. Ndipo Io akafanya kile pekee alichoweza: kwa kwato yake akaandika jina lake katika vumbi. Baba akalisoma, akamkumbatia shingoni, akalia.

Tunawaomba mlikumbuke vumbi lile, kwani tutalirudia. Mwishowe Io alikimbilia Misri, na huko, kando ya Nile, akarudishiwa umbo la binadamu. Mshairi anasema aliogopa kusema asije akalia tena kama ng'ombe, akajaribu maneno taratibu, neno baada ya neno.

Mwenzake katika masaibu ni Actaeon. Huyu alikuwa kijana mwindaji aliyepotea msituni, akaingia bila kukusudia katika pango ambamo Diana, mungu wa kike wa uwindaji, alikuwa akioga. Diana akamrushia maji usoni, akamwambia aende akasimulie alichokiona kama ataweza kusimulia. Papo hapo akageuka ayala, yule mnyama wa jamii ya paa mwenye pembe zenye matawi. Mbwa wake mwenyewe wakamfukuza. Alitaka kuwaambia kwamba yeye ndiye bwana wao, lakini maneno hayakuja. Rafiki zake waliwachochea mbwa huku wakimwita Actaeon kwa jina, wakisikitika kwamba hayupo kuona windo zuri namna ile. Naye alikuwapo. Hakuna mwandishi tunayemjua aliyeonyesha kwa ufupi zaidi jinsi mtu anavyoweza kuwa katikati ya watu wake na asionekane.

Karne kumi na tano baadaye, mchoraji Titian wa Venice alikubaliana na mfalme Philip wa Pili wa Hispania kumchorea picha kadhaa kutoka katika hadithi hizi. Mbili kati yake zinamhusu Diana. Katika picha ya Diana na Actaeon, aliyoichora kati ya mwaka 1556 na 1559, kijana anaonekana akiwa bado mtu kamili, mkono wake umelisukuma pazia, na juu ya nguzo lipo fuvu la ayala. Mtazamaji anaona kinachokuja, Actaeon haoni. Katika picha nyingine, ambayo Titian aliendelea kuishughulikia uzeeni, mwili wa Actaeon ni wa mtu na kichwa ni cha mnyama, na mbwa wamekwisha kumfikia. Ayala wa Ovid hakuweza kusema yeye ni nani. Titian alimwachia mwili wa binadamu ili sisi tumtambue. Huko ndiko kumrudishia sauti tunakokusema.

Kwa kuwa wengi wetu ni wafanyabiashara, tutaje na bei. Mwaka 2009 majumba ya sanaa ya taifa ya London na ya Uskoti yalishirikiana kuinunua picha ile ya Diana na Actaeon kwa paundi milioni 50, na mwaka 2012 yakanunua mwenzake, Diana na Callisto, kwa paundi milioni 45. Mwaka huohuo jumba la London liliwaita wasanii wa leo waitikie kazi za Titian. Mmoja wao alikuwa Chris Ofili, mchoraji aliyezaliwa Manchester kwa wazazi wa Kinigeria, ambaye alizichora hadithi hizi kwa rangi za kisiwa cha Trinidad anakoishi. Hadithi iliyosimuliwa kwa Kilatini imekwenda mbali namna hiyo, na kila mlango iliobishia, imevaa nguo za wenyeji.

Tuje kwa Daphne. Huyu naye alikuwa binti wa mto, aliyependa misitu na hakutaka kuolewa. Apollo alimtamani na kumkimbiza. Alipokaribia kukamatwa alimlilia baba yake, naye akageuzwa mti, ule ambao majani yake Warumi waliyasokota kuwa mataji ya washindi. Apollo akaukumbatia mti, akatangaza kwamba kama hakuweza kuwa mke wake, basi atakuwa mti wake. Mshairi anasema kwamba mti ulionekana kama umeitikia kwa kichwa. Tafadhalini lipimeni neno hilo, ulionekana. Mti hutikisika kwa upepo. Aliyenyang'anywa ulimi hawezi kukubali wala kukataa, na mwenye nguvu hupenda kukichukua kimya chake kuwa ni ndiyo.

Gian Lorenzo Bernini alilielewa jambo hili akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Kati ya mwaka 1622 na 1625 alimchonga Apollo na Daphne katika marumaru kwa ajili ya Kadinali Scipione Borghese, na sanamu hiyo ingali katika jumba la Borghese mjini Roma. Ukiizunguka unaona vidole vya miguu vikichipua mizizi, nywele na vidole vya mikono vikiwa majani membamba kiasi cha kupitisha mwanga. Lakini kinachomsimamisha mtazamaji ni kinywa. Daphne anapiga kelele, na marumaru imeishika kelele hiyo kwa miaka mia nne. Apollo hajatambua bado kilichotokea, uso wake una mshangao mdogo tu. Bernini hakuuchonga ule mti ulioitikia kwa kichwa. Alichagua nukta ya mwisho ambayo msichana bado ana mdomo.

Hadithi ya nne itawagusa hasa wale ambao babu zao waliishi kwa nguo, na katika jumuiya yetu hao si wachache, maana vitambaa vya Gujarat vilifika katika pwani hii karne nyingi kabla ya bati na saruji. Arachne wa Lydia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alikuwa binti wa mtu wa kawaida, mtia rangi wa sufu. Ufumaji wake ulisifiwa hadi watu wakadai amefundishwa na Minerva, mungu wa kike wa ufundi. Arachne akakana, akasema yuko tayari kushindana naye. Wakaketi kila mmoja kwenye mtande wake. Minerva alifuma miungu ikiwa katika viti vya enzi, na pembeni akaweka picha za wanadamu walioadhibiwa kwa kiburi. Arachne alifuma yale ambayo miungu ingependa yasahaulike: wasichana waliodanganywa na kuchukuliwa, akiwamo Europa, ambaye Jupiter alimbeba baharini akiwa katika sura ya fahali. Minerva alipoikagua kazi ile hakuona kasoro hata moja, na hilo ndilo lililomkasirisha. Akaichana nguo, akampiga Arachne kipajini kwa ubao wa kufumia. Msichana hakuvumilia, akajitia kitanzi. Minerva akamwonea huruma ya namna yake: akamwacha aishi, lakini akiwa buibui, akining'inia na kufuma daima. Katika Kiswahili neno buibui ni mdudu na pia ni vazi la mama zetu wa pwani. Ufumaji na mdudu huyu vimekaa karibu katika lugha nyingi.

Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme wa Hispania, aliichora hadithi hii katika miaka ya 1650. Picha hiyo imo katika jumba la Prado, Madrid, na kwa muda mrefu watu waliiita Wasokotaji, wakidhani ni picha tu ya wanawake katika karakana. Mbele wapo wafanyakazi, mikono wazi, gurudumu la kusokotea likizunguka hadi miiko yake haionekani. Nyuma, katika chumba chenye mwanga, mabibi waliovaa vizuri wanatazama zulia la ukutani, na mbele yake amesimama mwanamke mwenye kofia ya chuma. Ni katika miaka ya 1940 tu wataalamu walipothibitisha kwamba yule ni Minerva na kwamba zulia ni la Arachne. Na juu ya zulia Velázquez ameweka picha ya Europa, ile iliyochorwa na Titian, ambayo wakati huo ilikuwa mali ya mfalme na leo iko Boston. Minerva aliichana nguo ya Arachne. Ovid aliifuma upya kwa maneno, Titian kwa rangi, na Velázquez akaitundika tena ukutani. Lakini tazameni wapi alipompa nafasi kubwa: mbele kabisa, kwa wanawake wa kazi, ambao majina yao hayajulikani.

Waheshimiwa, yaliyompata Arachne yalimpata na mshairi. Mwaka 8 baada ya Kristo, kitabu hiki kikiwa karibu kukamilika, Kaisari Augusto alimhamishia Ovid katika mji wa Tomis, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, mahali ambapo leo pana mji wa Constanța, Romania. Ovid mwenyewe alitaja sababu mbili, shairi na kosa. Shairi ni lile alilotunga zamani juu ya sanaa ya mapenzi. Kosa hakulieleza kamwe, ila alijilinganisha na Actaeon, aliyeona jambo bila kukusudia kuliona. Huko Tomis baridi iligandisha hata mto Danube, na Kilatini hakikuwa na msikilizaji. Aliandika kwamba huko yeye ndiye mgeni asiyeeleweka, na watu wakimsikia wanacheka. Mtu aliyekuwa bingwa wa lugha akawa Io, akiogopa sauti yake. Lakini akajifunza lugha ya wenyeji, Wageti, na anasema alitunga hata shairi kwa lugha hiyo. Akafia huko yapata mwaka 17, bila kusamehewa.

Hapa tunawakumbuka wazee wetu walioabiri majahazi kwa upepo wa kaskazi kutoka Kutch na Kathiawar. Wao hawakufukuzwa na mfalme. Njaa na tumaini la biashara viliwasukuma. Lakini waliposhuka bandarini nao walikuwa watu wenye mambo mengi moyoni na maneno machache mdomoni. Waliweza kuhesabu, hawakuweza kueleza. Waliowarudishia sauti walikuwa ninyi majirani, babu zenu na bibi zenu, waliowafundisha Kiswahili, neno baada ya neno, sokoni na barazani. Deni hilo haliandikwi katika daftari lolote, ndiyo maana tunalitaja hapa.

Kaisari aliyemfukuza mshairi sasa ni sanamu. Mwaka 1887 watu wa Constanța walimsimamishia Ovid sanamu yake, na Sulmona, mji aliozaliwa, una nakala yake. Desemba 2017 baraza la jiji la Roma lilipitisha azimio la kuifuta hukumu ile, miaka elfu mbili baada ya kifo chake. Uamuzi huo ulichelewa kumfaa, lakini unaonyesha nani alikuwa na sauti ndefu zaidi.

Hata katika Kiswahili sauti hiyo imefika. Tafsiri ya Kiingereza ya Arthur Golding, iliyotoka mwaka 1567, ilisomwa na William Shakespeare. Humo alimkuta Pyramus na Thisbe, vijana wawili wa Babeli ambao wazazi walikataza wasioane, wakawa wanazungumza kupitia ufa katika ukuta uliozitenganisha nyumba zao. Mwisho wao ulikuwa wa huzuni, na damu yao ikayageuza matunda ya mforosadi kutoka meupe kuwa meusi. Katika tamthiliya yake moja Shakespeare aliwapa mafundi wa kawaida, seremala, fundi cherehani, mfumaji, kazi ya kuiigiza hadithi hiyo mbele ya mtawala, na fundi mmoja akawa ukuta. Katika nyingine, The Merchant of Venice, wapenzi wawili chini ya mbalamwezi wanamkumbuka Thisbe. Na tamthiliya hiyo ndiyo Mwalimu Julius Nyerere aliyoitafsiri na kuichapisha mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Basi Thisbe amesafiri kutoka kwa Ovid hadi kwa Mwalimu, kupitia ufa mdogo katika ukuta.

Wahindu wenzetu watapenda kujua kwamba katika kitabu cha mwisho, cha 15, Ovid anamleta Pythagoras, mwenye hekima wa Kigiriki, akihubiri kwamba vitu vyote hugeuka na hakuna kinachopotea, kwamba roho huhama kutoka mwili hadi mwili, na kwa hiyo binadamu asile nyama, asije akamla ndugu yake. Bhagavad Gita nayo huifananisha miili na nguo ambazo roho huzivua zikichakaa. Hatusemi kwamba Mrumi alichukua kwetu. Tunasema tu kwamba aliyetazama kwa makini jinsi umbo linavyobadilika, katika nchi yoyote, alifika kwenye swali hilohilo: ndani ya umbo hili yumo nani?

Na sasa hadithi ya mwisho, ambayo kwa ajili yake hasa tuliichagua mada hii. Jupiter na Mercury walishuka katika nchi ya Frigia wakiwa na sura za wasafiri wa kawaida. Walibisha hodi katika nyumba elfu, na nyumba elfu zikafunga milango. Nyumba moja ilifungua, kibanda kilichoezekwa kwa nyasi na matete, cha wazee wawili, Philemon na mkewe Baucis, walioishi humo tangu ujana wao na hawakuona aibu ya umaskini wao. Meza ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Baucis akauwekea kigae, kisha akaisugua kwa majani ya mnanaa. Wakaandaa zeituni, mboga za bustani, jibini, mayai ya majivuni, tini, tende, zabibu na asali. Na, Maharaj atuwie radhi, kipande kidogo cha nyama kavu walichokuwa wamekihifadhi darini. Juu ya yote, anasema mshairi, waliweka nyuso zenye ukarimu. Walipoona chombo cha divai kinajaa chenyewe waliogopa, wakataka kumchinja bata bukini wao wa pekee, mlinzi wa nyumba. Bata akawachosha kwa mbio, kisha akakimbilia kwa wageni, nao wakasema asiuawe.

Wageni wakajitambulisha. Wakawapandisha wazee mlimani. Walipogeuka nyuma waliona nchi yote imefunikwa na maji, isipokuwa kibanda chao, nacho kilikuwa kikigeuka. Nguzo za mti zikawa za marumaru, nyasi za paa zikawa dhahabu. Kibanda kimekuwa hekalu. Walipoulizwa wanataka nini, waliomba kuwa walinzi wa hekalu hilo, na wafe saa moja ili mmoja asimzike mwenzake. Siku moja, wakiwa wamesimama mbele ya ngazi wakisimulia habari za mahali pale, kila mmoja aliona majani yakimwota mwenzake. Gome lilipofika midomoni waliagana kwa pamoja. Ikabaki miti miwili, mmoja mwaloni, bega kwa bega, na watu wakawa wanatundika mashada ya maua matawini.

Majirani zetu Wakristo watakumbuka Matendo ya Mitume, sura ya 14. Paulo na Barnaba walipomponya kiwete katika mji wa Listra, watu walipaza sauti kwamba miungu imewashukia kwa mfano wa wanadamu, wakamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, yaani walewale Jupiter na Mercury. Listra haiko mbali na Frigia. Wataalamu wengi wanaona kwamba watu wale walikuwa na habari ya namna hii masikioni. Nasi katika Kiswahili tunayo methali inayotosha: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Rembrandt aliwachora wazee hawa mwaka 1658, na picha iko Washington. Hakuna dhahabu humo wala marumaru. Kuna chumba cha giza, taa iliyofichika nyuma ya mgeni mmoja, wazee wawili wameinama, na bata. Alichagua saa ile ambayo nyumba bado ni kibanda, kwa kuwa tayari ilikuwa hekalu.

Katika hadithi zote tulizozisimulia, hii ni ya pekee. Io alipoteza sauti, Actaeon aliipoteza, Daphne na Arachne pia. Baucis na Philemon waligeuzwa wakiwa wanasema, na neno lao la mwisho lilisikika. Tunaona sababu ni moja: wao walikuwa wamemsikiliza mtu mlangoni kabla hawajamjua ni nani.

Basi turudi kwenye vumbi la Io. Kila siku katika maduka yetu, ghala zetu na nyumba zetu wapo watu ambao tunaona umbo lao tu. Tunasema hamali, mlinzi, dada wa kazi, kijana wa mkokoteni. Na huko nje wapo wanaosema Mhindi, wakadhani wamemaliza kumweleza mtu. Pande zote mbili tunamlisha Io majani kwa mkono, kwa upole hata, bila kusoma alichokiandika chini. Jina la mtu ni neno dogo, lakini baba wa Io alimpata binti yake kwa neno hilo moja.

Kwa hiyo tunamalizia kwa ombi, wala si kwa mafunzo. Ukutani mwa hekalu letu pana kibao cha marumaru chenye majina ya waliochanga fedha, na ni haki yawepo. Majina ya waliochanganya zege, waliopanda juu ya miti ya jukwaa, waliochonga milango na kupaka rangi mnara, Wagujarati na Waafrika, Wahindu, Waislamu na Wakristo, hayapo. Wazee wanaowakumbuka mafundi hao bado wapo miongoni mwetu, na wachache kati ya mafundi wenyewe wangali hai katika mitaa hii. Tunaiomba kamati iteue watu wawili wa kuyakusanya majina hayo sasa, wakati bado yupo wa kuulizwa, na yaandikwe katika kibao cha pili, kando ya kile cha kwanza, kwa herufi za ukubwa uleule. Gharama ya marumaru na ya mchongaji tutaibeba sisi. Kazi ya kukumbuka ni yetu sote.